Mlango wa Kaburi: Habari za Milango Bandia ya Misri, Aksum na Pwani Yetu

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo akafika mbele ya nyumba ya watu hasukumi mlango. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja. Akiitikiwa huingia, asipoitikiwa baada ya hodi tatu hurejea alikotoka. Adabu hii mtoto huifundishwa kabla hajajua kusoma, na ndani yake mna fikira nzito: kwamba mlango si uwazi tu katika ukuta, bali ni mahali wanapokutana watu wa pande mbili, mmoja nje na mmoja ndani, na kwamba neno hutangulia mwili.

Makala hii yahusu mlango wa namna nyingine, ambao hupigiwa hodi lakini haufunguki kamwe. Ni mlango wa mawe, wenye miimo na kizingiti kama milango yote, ila nyuma yake ni ukuta mtupu. Wataalamu wa mambo ya kale huuita mlango bandia. Wamisri wa zamani waliuweka katika makaburi yao kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu wa Aksum, katika nchi iitwayo leo Ethiopia, waliuchonga katika minara ya makaburi ya wakuu wao. Na katika pwani yetu, toka mpaka wa Somalia hata Kilwa, yako makaburi ya mawe ambayo kuta zake zimegawanywa kwa vibao vilivyozungushiwa fremu mfano wa fremu za milango.

Mfanano huu watuambia nini? Walikuwapo waandishi walioona kwamba kila jambo la ustadi likionekana katika pwani hii halina budi kuwa limeletwa na wageni. Na mtu wa fikira hizo aonapo mlango wa mawe Misri na fremu ya mawe Kunduchi, hukimbilia kusema kwamba huu ni mtoto wa ule. Nitajaribu kuonyesha kwamba njia hiyo yapotosha. Mlango wa kaburi hauwezi kusomwa ila kwa kuwekwa karibu na mlango wa nyumba ya watu wale wale waliouchonga.

Na tuanze Misri. Kiasi cha mwaka 3000 K.K. wakuu wa nchi ile walizikwa chini ya majengo marefu ya matofali ya udongo, yenye paa bapa. Majengo hayo huitwa mastaba, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya baraza la kukalia. Maana Wamisri wa siku hizi waliyafananisha na mabaraza yaliyojengwa mbele ya nyumba zao. Hivyo hata jina la kaburi hilo limetoka mlangoni pa nyumba, na mtu wa Kariakoo aliyezoea kuketi barazani jioni hahitaji kufafanuliwa sana umbo lake.

Kuta za mastaba za kwanza zilijengwa kwa mikunjo ya kuingia na kutoka, kwa kuiga kuta za jumba la mfalme. Baadaye mikunjo hiyo ikapunguzwa, na katika upande wa mashariki ikasalia miwili tu, ule wa kusini ukiwa ndio mkubwa. Hapo ndipo walio hai walipokuja na vyakula vya kumpa marehemu wao. Katika zama za nasaba ya tatu na ya nne, yaani kiasi cha miaka 2650 hata 2500 K.K., mahali hapo pakapata umbo kamili la mlango wa mawe. Aliyesimama mbele yake aliukabili upande wa magharibi, ambako jua huzama, na ambako Wamisri waliamini kuwa ndiko makao ya wafu.

Tuuangalie mlango wenyewe. Katikati mna ufa mwembamba uliochimbwa kidogo tu ndani ya jiwe. Huo ndio uwazi wa kupitia. Juu ya ufa kuna kipande cha mviringo kama gogo dogo lililolazwa, nacho ni mfano wa mkeka uliokunjwa. Katika nyumba za Wamisri, mkeka wa matete ulitundikwa mlangoni, ukakunjwa mchana na kuteremshwa ilipotakiwa faragha. Kando yake iko miimo, pengine miwili au mitatu kila upande, yenye maandiko ya jina na vyeo vya marehemu. Juu ya kizingiti kuna kibao ambacho marehemu amechongwa ameketi mbele ya meza ya mikate. Katika milango ya baadaye, ukingo wa nje ulichongwa kwa mfano wa matita ya matete yaliyofungwa kwa kamba. Milango mingi ilikuwa ya mawe ya chokaa, na baadhi yake ilipakwa rangi nyekundu ili idhaniwe kuwa ya matale, jiwe gumu na la thamani zaidi.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Mchongaji wa Misri alikuwa na jiwe lidumulo maelfu ya miaka, lakini alichochonga ni mkeka na matete, vitu ambavyo vingeoza katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Hakubuni mlango wa ajabu wa peponi, bali alimchongea marehemu mlango aliokuwa akiupita kila siku. Wamisri waliliita kaburi nyumba ya milele, na nyumba isiyokuwa na mlango si nyumba.

Kazi ya mlango huo ilitokana na imani yao kwamba kila mtu ana kitu kiitwacho ka, yaani nguvu ya uhai isiyokufa pamoja na mwili, ila yahitaji chakula kama mwili. Mwili ulilazwa chini katika shimo refu lililozibwa. Ka ilipanda na kutokea mlangoni kupokea chakula kilichowekwa juu ya jiwe la sadaka. Hakuna paonyeshapo jambo hili wazi kuliko katika kaburi la Mereruka huko Saqqara. Huyu alikuwa waziri mkuu wa mfalme Teti wa nasaba ya sita, na kaburi lake lina vyumba zaidi ya thelathini. Katika ukumbi wake, sanamu ya Mereruka imesimama ndani ya mlango juu ya ngazi ndogo, mguu mmoja umetangulia, kana kwamba amesikia hodi na sasa anatoka kuwalaki wageni. Chini ya ngazi limewekwa jiwe la sadaka.

Wakuu hao hawakuutegemea wema wa watoto wao peke yake. Waliweka mashamba ambayo mazao yake yalikuwa ya makuhani wa kaburi, jambo ambalo msomaji wa pwani atalifananisha upesi na wakfu. Lakini walijua pia kwamba mashamba hutwaliwa na makuhani hufa. Kwa hiyo maandiko ya mlangoni yalitaja sadaka itolewayo na mfalme, na kuhesabu mikate, bia, ng'ombe na ndege kwa maelfu. Na katika makaburi mengi waliandika pia ombi kwa kila apitaye, kwamba kama hana chakula mkononi, basi ayatamke maneno hayo kwa kinywa chake, maana kwa kutamkwa tu chakula kitakuwapo. Mwisho wa yote, kilichotegemewa si mkate wala shamba, bali neno la mpita njia.

Miaka zaidi ya elfu mbili baada ya Mereruka, mlango bandia waonekana tena katika Afrika, mbali sana kusini. Katika karne ya tatu na ya nne B.K. watu wa Aksum walisimamisha minara ya jiwe moja moja juu ya makaburi ya wakuu wao. Mkubwa kupita yote, wenye urefu wa kiasi cha mita 33, umeanguka na kuvunjika. Wa pili, wa mita 24 hivi, ulichukuliwa na Waitalia hata Roma mwaka 1937, ukarudishwa mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008. Minara hiyo mikubwa imechongwa kwa mfano wa nyumba ya ghorofa nyingi: yako madirisha, ziko ncha za miti zitokezazo ukutani, na chini kabisa uko mlango usiofunguka. Mbele ya mmoja wa minara hiyo, jiwe la tako lake limechongwa vikombe, ambavyo wengi hudhani vilikuwa vya sadaka.

Karibu na minara hiyo liko kaburi liitwalo Kaburi la Mlango Bandia, kwa kuwa uso wake ni bamba la matale lililochongwa mlango mzima. Lilichimbuliwa katika miaka ya 1970 na Neville Chittick, yule yule aliyekuwa amekwisha kuchimbua magofu ya Kilwa.

Je, watu wa Aksum walijifunza kwa Wamisri? Walifanya biashara na Misri, hilo halina shaka. Lakini kwa wakati huo Wamisri wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha desturi ya mastaba kwa karne nyingi. Tena, tuutazamapo mlango wa Aksum hatuoni mkeka wala matete. Twaona fremu nzito ya miti, ambayo ncha zake za mraba zatokeza katika pembe nne, na ndivyo hasa walivyojenga majumba yao, kwa mawe yaliyofungwa kwa miti. Wahabeshi hata leo huziita ncha hizo vichwa vya nyani. Mlango wa kaburi la Aksum ni mlango wa nyumba ya Aksum.

Kwa kipimo hicho hicho twaweza sasa kurudi pwani. Makaburi yetu ya kale ya mawe yako ya namna nyingi, nayo mashuhuri zaidi ni yale yenye nguzo. Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kaole, karibu na Bagamoyo, yako makaburi ya nguzo kando ya magofu ya misikiti. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yako mengine chini ya mibuyu, mengi yake yakiwa ya karne ya 18. Umbo lake kwa jumla ni ua mdogo wa kuta fupi, ambao ukuta wake wa mbele umeinuliwa na kupambwa, na pengine juu yake imesimama nguzo.

Katika ukuta huo wa mbele ndimo vilimo vibao. Fundi aliugawa ukuta kwa miraba iliyochimbwa ndani kidogo, akaizungushia fremu za matumbawe, pengine fremu moja ndani ya nyingine. Kazi ya namna hii huonekana tena na tena katika makaburi ya pwani ya kaskazini. Sisemi kwamba kila kibao ni mlango bandia kama wa Misri. Hakina ufa wa kupitia wala jiwe la sadaka mbele yake. Nasema kwamba mkono uliofanya fremu ya kaburi ndio uliofanya fremu ya mlango. Matumbawe laini ya baharini huchongwa yangali mabichi, kisha hukauka na kuwa magumu. Na kwa matumbawe hayo mafundi walifanya fremu za milango ya majumba, vizingiti vya misikiti na mapambo ya mihirabu. Mtu apitaye katika magofu ya Songo Mnara, aangaliapo mlango wa nyumba kisha kaburi, atatambua kwamba yu katika mji mmoja wenye ufundi mmoja.

Liko na jambo la pili, nalo ni vyombo. Katika kuta na nguzo za makaburi haya yalipachikwa mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina na nchi nyingine za mashariki. Kunduchi ilijulikana sana kwa hayo. Mgeni akumbukaye vikombe vya Aksum na meza ya mikate ya Misri aweza kudhani kwamba ni vyombo vya kuwalishia wafu. Lakini bakuli lililopachikwa kwa kusimama ukutani haliwezi kushika chakula. Maana yake haina budi kutafutwa nyumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu na miji mingine, chumba cha ndani kilikuwa na ukuta wa vidaka vingi, na katika vidaka hivyo mlipangwa vyombo vya kaure. Vilikuwa fahari ya nyumba, na walioviona ni wenyeji na wageni wa karibu tu, waliokwisha kupita daka, ukumbi na milango yote.

Hapa ndipo naona siri ya makaburi yetu. Kaburi la pwani ni nyumba iliyogeuzwa. Mapambo ya chumba cha ndani yamewekwa nje, mbele ya kila apitaye. Bwana wa nyumba hana tena faragha ya kuilinda. Kilichobaki ni heshima ya ukoo wake, nayo yatangazwa kwa wote. Mlango wa Misri ulifanywa kwa ajili ya marehemu apate kutoka. Fremu ya Kunduchi ilifanywa kwa ajili ya walio hai, wapate kujua ni nyumba ya nani wanayoipita.

Tofauti hii yatokana na dini. Uislamu haukubali kwamba maiti hutoka kula, na Mtume alikataza makaburi yasipakwe chokaa wala yasijengewe. Waliojenga Kaole na Kunduchi walikuwa Waislamu, na misikiti iliyo kando yake yashuhudia. Kwa hiyo makaburi haya yatuonyesha mvutano wa kweli katika nyoyo za watu: upande mmoja sheria ipendayo kaburi la kawaida, na upande wa pili ukoo usiotaka mkuu wake asahauliwe. Hawakuiacha dini, wala hawakuuacha ujenzi.

Hata hivyo, adabu ya mlangoni haikutoka kabisa. Mwislamu aingiapo makaburini hutoa salamu, na katika matamshi yake ya Kiarabu huwaita waliolala hapo watu wa makao yale, kana kwamba amefika mtaani kwao. Kisha husoma Fatiha. Na ikifanywa hitima, chakula huliwa na walio hai, lakini kisomo ndicho kinachopelekwa kwa marehemu. Mmisri aliamini kwamba neno laweza kugeuka kuwa mkate. Mtu wa pwani aliacha mkate akashika neno.

Wala si maneno tu. Katika uchimbuzi uliofanywa Songo Mnara tangu mwaka 2009, wataalamu waliona sarafu na vijiwe vyeupe vilivyowekwa makaburini, dalili kwamba watu walirudi kuwazuru wafu wao baada ya mazishi. Nako Kaole, kaburi linalosimuliwa kuwa la sharifa huzuriwa na wenye haja zao. Mlango haufunguki, lakini hodi haijakoma.

Sasa twaweza kulijibu swali la kwanza. Mlango wa Misri umefanywa kwa mkeka na matete. Wa Aksum kwa miti yenye ncha za mraba. Fremu ya pwani kwa matumbawe na kaure. Kila mmoja ni picha ya nyumba za kwao. Kama desturi hii ingaliletwa nzima kutoka nchi moja, tungaliona mahali fulani mlango wa kigeni usiofanana na nyumba za wenyeji. Hatuuoni. Kinachofanana si mlango, bali ni fikira ya binadamu kwamba aliyekufa angali ana makao, na mwenye makao hupigiwa hodi. Hiyo haihitaji jahazi la kuileta. Kaure ilitoka mbali, ni kweli. Lakini kuipachika kaburini kulitokana na fikira za wenyeji.

Katika hayo mna onyo kwetu. Ikiwa kaburi husomwa kwa nyumba, basi nyumba ikivunjwa kaburi hugeuka kuwa bubu. Katika mji wa Dar es Salaam liko bado Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860 zama za Sultani Majid bin Said, na milango yake ya nakshi. Milango mingine ya namna hiyo imekuwa bidhaa. Hung'olewa na kuuzwa, ikaenda kupamba mahali ambapo hapana ajuaye mfaa ni upi wala kwa nini kizingiti kiliandikwa. Kariakoo, nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na baraza mbele, zimevunjwa nyingi zikajengwa maghorofa ya biashara. Sisemi kwamba mji usikue. Nasema kwamba nyumba hizo zingepimwa na kuchorwa kabla ya kuvunjwa, na majina ya sehemu zake yakaandikwa kutoka vinywani mwa mafundi na wazee wazijuao.

Huko Kunduchi vyombo vingi vimekwisha kung'olewa, na mahali pake pamebaki vishimo vya mviringo katika chokaa. Aliyeving'oa alidhani amechukua sahani. Kwa kweli amefuta mstari katika maandiko ambayo hatuna nakala yake. Hata tarehe yapotea naye. Maana sahani, ingawa haituambii kaburi lilijengwa mwaka gani, hutuambia kwamba halikukamilika kabla ya sahani hiyo kufinyangwa.

Mkaazi wa Dar es Salaam aweza kuyaona haya yote kwa siku moja. Asubuhi na asimame mbele ya Boma la Kale, autazame mlango wake kwa utulivu, miimo, kizingiti na nakshi. Kisha apite Kariakoo, aangalie nyumba za zamani zilizosalia na watu waketio barazani. Alasiri aende Kunduchi, atoe salamu, asimame mbele ya ukuta wa kaburi mmoja tu. Akiwa ameviangalia vile viwili vya kwanza kwa makini, hicho cha tatu hatahitaji kuelezwa na mtu.